Kazi Ijulikane Kabla Haijachaguliwa

Kila mwaka, kabla ya mtihani wa taifa, mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza Selform. Humo anaandika tahasusi anazotaka kusoma kidato cha tano na vyuo anavyovitaka iwapo hatakwenda huko. Ni uamuzi mzito kwa kijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba, na mara nyingi hufanywa kwa siku chache, katikati ya maandalizi ya mtihani, kwa kumwangalia rafiki aliyekaa dawati la jirani. Mwanafunzi wa Lushoto anapofika hapo huwa amewaona mwalimu, muuguzi, askari, dereva na mkulima, na amemsikia mtu mzima akimwambia awe daktari au mwanasheria. Hajaambiwa daktari anasoma miaka mingapi, wala kwamba kati ya daktari na mgonjwa kuna mtaalamu wa maabara, mfamasia, mtunza kumbukumbu na fundi wa vifaa tiba. Hoja ya makala haya ni moja: kazi haiwezi kuchaguliwa vizuri na mtu asiyeijua, na kuijua kazi ni somo linalochukua miaka, haliwezi kufundishwa kwa hotuba ya siku ya mahafali. Shule na wazazi wa Usambara wanaweza kulianza somo hilo muhula huu kwa kutumia kazi zilizowazunguka, bila kusubiri bajeti mpya.

Nasema Usambara kwa sababu milima hii ina aina nyingi za kazi kuliko inavyosifiwa. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, Usambara Mashariki, na tangu wakati huo sayansi haijaondoka milimani. Lushoto kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, TAFORI. Kuna hifadhi ya msitu wa asili Magamba na shamba la miti la serikali Shume. Kuna viwanda vya chai Herkulu na Mponde. Kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kinachofundisha sheria kwa ngazi ya cheti na stashahada, na watu huja kusoma hapo kutoka mikoa yote. Kuna hospitali za Lushoto na Bumbuli, na kuna waongoza watalii wanaowapeleka wageni Irente, Mtae na Magamba. Hata hivyo mwanafunzi anaweza kupita kwenye geti la kituo cha utafiti kwa miaka minne akienda shule na asijue kinachofanyika ndani. Anasoma uainishaji wa viumbe kwenye biolojia akidhani sayansi hiyo inafanyika ng'ambo, ilhali msitu ulio juu ya kijiji chake ni miongoni mwa misitu inayosomwa sana na wanabiolojia wa dunia.

Tuchukue zao moja tu, kabichi, tulifuate kutoka Lukozi hadi Kariakoo. Kuna aliyeuza mbegu, na mwenye duka la pembejeo ambaye anapaswa kujua dawa ipi inafaa na isubiriwe siku ngapi kabla ya kuvuna. Kuna afisa ugani wa kata, kuna waliochimba mfereji wa maji, kuna dalali, wapakiaji, dereva wa fuso na fundi anayeitengeneza fuso hiyo. Kuna mhandisi na vibarua wanaoshughulikia barabara ya Mombo hadi Lushoto kupitia Soni, ambayo udongo ukiporomoka wakati wa mvua mboga zote huozea njiani. Kuna Wakala wa Vipimo, anayesimamia sheria inayokataza magunia ya lumbesa yanayozidi kilo 100. Mjini kuna mwenye kizimba sokoni, mpishi wa hoteli na mnunuzi wa shule ya bweni. Kila mmoja anaijua hesabu fulani, anaongozwa na sheria fulani, na alifika hapo kwa njia fulani ya mafunzo. Mwanafunzi anayelijua jina la kazi moja tu katika mlolongo huu, yaani kulima, ataikimbia kazi hiyo kwa sababu ameona mgongo wa mama yake ukiuma. Akizijua kazi zote, anaweza kuamua kwa akili kama anataka kubaki ndani ya mlolongo huu, katika nafasi ipi, au kutoka kabisa.

Huenda msomaji akauliza kama kuna ushahidi kwamba kumpa kijana taarifa hubadilisha chochote. Upo. Nchini Madagascar, mchumi Trang Nguyen aliwapa wazazi na watoto wa shule za msingi taarifa rahisi kuhusu kipato cha watu wa viwango mbalimbali vya elimu. Mahudhurio na alama viliongezeka, hasa kwa familia zilizokuwa zimekadiria faida ya elimu chini kuliko ilivyo. Katika utafiti huohuo, watoto maskini walinufaika zaidi walipozungumza na mtu aliyefanikiwa akitokea familia maskini kama zao kuliko aliyetokea familia yenye uwezo. Katika Jamhuri ya Dominika, Robert Jensen aliwapa wavulana wa darasa la nane taarifa za aina hiyo, nao wakabaki shuleni kwa muda mrefu kidogo kuliko wenzao, ingawa matokeo yalikuwa hafifu kwa wale maskini kabisa. Uingereza, uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa vijana waliokumbuka kukutana na waajiri mara nne au zaidi wakiwa shuleni walikuwa na uwezekano mdogo mara tano wa kukaa bila kazi wala masomo kuliko ambao hawakukutana nao kabisa. Uchunguzi huu wa mwisho hauthibitishi kwamba mikutano peke yake ndiyo sababu, kwani huenda shule zenye mikutano mingi zilikuwa na mengine mazuri. Lakini ukizisoma tafiti zote tatu pamoja unapata mafunzo matatu yanayotufaa: taarifa ziwe za kweli na zenye tarakimu, mtoaji awe mtu ambaye mwanafunzi anajiona ndani yake, na mikutano iwe mingi. Unapata pia onyo kwamba taarifa hazilipi ada wala nauli, kwa hiyo familia maskini zinahitaji msaada wa fedha juu ya ushauri.

Pingamizi kubwa kuliko yote linatoka katika historia yetu wenyewe. Waliosoma miaka ya sabini na themanini watasema: haya tulishayajaribu, yakaitwa michepuo. Katika miaka ya sabini, sekondari zilipewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu ili wahitimu wawe tayari kwa kazi. George Psacharopoulos na William Loxley, katika kitabu cha mwaka 1985 kilicholinganisha Kolombia na Tanzania, walifuatilia wahitimu na kukuta kwamba, kwa ujumla, waliosoma michepuo ya vitendo hawakuwa na faida ya wazi katika kupata kazi, ilhali masomo hayo yaligharimu zaidi. Miaka ishirini kabla yao, Philip Foster aliandika kuhusu Ghana kwamba vijana hawazikimbii kazi za mikono kwa sababu ya mtaala. Wanazikimbia kwa sababu wanaona nani analipwa na nani halipwi. Hoja hii ni nzito na haipaswi kupuuzwa. Lakini tuitazame inasema nini hasa. Inasema kwamba kumfundisha kijana kupiga randa bila kumwonyesha soko la samani, bila kumkutanisha na wenye karakana na bila kumweleza njia iliyo mbele yake, hakumfikishi mbali. Inasema pia kwamba vijana wanajua kupima faida na hasara, hivyo wapewe vipimo sahihi. Elimu ya kazi ninayoitetea haimfundishi mwanafunzi fani moja mapema. Inampa uwezo wa kuzisoma kazi zote, halafu fani aijifunze kwa makusudi.

Tahadhari hiyo inatufaa zaidi leo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka mikondo miwili katika sekondari ya chini, wa jumla na wa amali, na mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024, mkondo wa amali ukianza na shule chache. Vilevile mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano. Wigo umepanuka sana, na mzigo wa kuchagua umepanuka nao. Mzazi aliyezoea kusikia PCM, PCB na HGL sasa anaulizwa kuhusu tahasusi zenye kilimo, lishe, utalii, michezo na sanaa. Mwanafunzi asiye na ushauri atachagua iliyozoeleka au yenye jina la kuvutia, na mkondo wa amali utageuka mahali pa kuwapeleka wanaoonekana wazito wa masomo. Hilo likitokea tutakuwa tumerudia kosa la michepuo kwa jina jipya.

Wapo wazazi watakaosema kwamba kuanza na kazi za hapahapa ni kuwafungia watoto milimani. Wasiwasi wao una mizizi. Elimu ya mkoloni iliwaandaa Waafrika kwa kazi za chini, na kuanzia mwaka 1946 mpango wa kuhifadhi udongo wa bonde la Mlalo, uliokuja kuenezwa sehemu nyingine za Usambara, uliwalazimisha wakulima kutengeneza matuta kwa amri, nao wakaupinga hadi ukaachwa kabla ya uhuru. Na hata baada ya Mwalimu Nyerere kuandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya shamba la shule, shule nyingi zililigeuza shamba kuwa mahali pa adhabu. Mwanafunzi anayechelewa hupewa jembe, na kwa miaka minne shule humfundisha kwamba kulima ndiko kunakomfaa mkosaji. Ushauri wangu wa kwanza kwa walimu wakuu ni huu: ondoeni jembe na fagio katika orodha ya adhabu, kisha fanyeni bustani ya shule iwe na daftari la gharama, mavuno na mauzo linaloshikwa na wanafunzi wenyewe. Ushauri wa pili ni kumwonyesha mwanafunzi ngazi nzima ya kila kazi, si kipandio cha chini peke yake. Anayependa msitu ajue kuna mlinzi wa hifadhi, fundi sanifu anayesomea Chuo cha Misitu Olmotonyi, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na mtafiti mwenye shahada ya uzamivu. Anayeanza na msitu wa Magamba anaweza kumalizia Morogoro, Nairobi au kwingineko. Kazi ya karibu ndiyo rahisi kuiona kwa macho na kuiuliza maswali, na aliyejifunza kuichunguza kazi moja kwa undani anaweza kuichunguza yoyote atakayoikuta mbali.

Utekelezaji uende kwa vidato. Kidato cha kwanza na cha pili lengo liwe kuzifahamu kazi na kuzihusisha na masomo. Mwalimu wa hisabati achukue lumbesa: kama mkulima amelipwa bei ya gunia la kilo 100 na gunia lina kilo 130, amepoteza asilimia ngapi ya mzigo wake? Mwalimu wa jiografia achukue maporomoko ya barabara ya Soni, wa kemia achukue lebo ya kiuatilifu, wa Kiswahili afundishe kuandika barua ya maombi ya kazi na wasifu kwa kutumia tangazo halisi. Hakuna kipindi kipya kinachohitajika, ila mwalimu aseme wazi ni nani anayetumia maarifa haya kazini na alisomea wapi. Mwanafunzi naye aanze daftari moja la kazi, atakaloliandika hadi kidato cha nne.

Kidato cha tatu kiwe mwaka wa kukutana na watu. Shule ialike mfanyakazi mmoja kila mwezi: fundi umeme, karani wa mahakama, muuguzi, mwenye duka la pembejeo, mpima ardhi, mwongoza watalii, mwanamke anayeendesha biashara ya usindikaji wa matunda. Wageni wasihutubie, waulizwe. Maswali yaandaliwe kabla: Siku yako ya kazi inaanzaje na inaishaje? Ulipita njia gani hadi hapa, na ilikugharimu nini? Anayeanza hupata kiasi gani, na mwenye uzoefu je? Ni somo gani la shuleni unalolitumia kila siku? Nini kinakera katika kazi hii, na nini kitaibadilisha miaka kumi ijayo? Swali la kipato lisionewe haya, maana bila jibu lake mwanafunzi atabuni la kwake. Kisha kila mwanafunzi akae siku mbili au tatu za likizo kando ya mtu anayefanya kazi, akitazama na kuandika. Hapa pawe na uangalifu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na inakataza kumpa mwenye umri chini ya miaka 18 kazi za hatari. Shule iandikiane na mwenye kazi, mzazi akubali kwa maandishi, na wasichana wasitumwe peke yao mahali pasipojulikana. Mwanafunzi anakwenda kujifunza, asigeuzwe kibarua wa bure.

Kidato cha nne kiwe mwaka wa uamuzi, na uamuzi uandikwe kwa njia tatu, si moja. Njia ya kwanza ni kidato cha tano: tahasusi ipi, inafungua milango ipi, inafunga ipi. Njia ya pili ni chuo cha kati. Kwa anayetazama kilimo na mifugo, Mkoa wa Tanga una chuo cha kilimo Mlingano na chuo cha mifugo Buhuri, na sheria inafundishwa Lushoto penyewe. Njia ya tatu ni ufundi stadi kupitia VETA au uanagenzi kwa fundi, na anayejifunza kwa fundi ajue kwamba VETA hurasimisha ujuzi uliopatikana kazini kwa kumpima na kumpa cheti. Wazazi wakumbuke jambo moja litakalowaokolea fedha: kabla ya kulipa ada ya chuo chochote cha kati, thibitisheni usajili wa chuo na wa kozi yenyewe katika NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, na msome mwongozo wa udahili wa mwaka huo. Mwaka huohuo mwanafunzi akamilishe nyaraka: cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, majina yanayofanana katika vyeti vyote, na kitambulisho cha taifa atakapofika miaka 18. Kijana anaweza kukosa nafasi kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa katika jina.

Walimu watajibu kwamba muda hautoshi, madarasa yamejaa na shule inapimwa kwa matokeo ya NECTA. Ni kweli, hasa tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016 na wanafunzi kuongezeka. Lakini tazameni kinachoombwa: mgeni mmoja kwa mwezi, mfano mmoja wa kazi katika mada, kikao kimoja cha wazazi kwa mwaka kinachohusu njia tatu badala ya michango. Mwalimu mmoja wa ushauri akabidhiwe ratiba na apunguziwe vipindi viwili. Na kuhusu matokeo, ushahidi wa Madagascar ni kwamba mtoto akijua faida ya kusoma huhudhuria zaidi na hufanya vizuri zaidi. Mwanafunzi anayejua kwa nini anasoma kemia hahitaji kusukumwa kwa fimbo.

Wasiachwe wale ambao ushauri huwapita pembeni. Msichana huambiwa mapema ni kazi zipi zinamfaa, na wengine huchukuliwa kwenda mijini kufanya kazi za ndani kabla hawajamaliza shule. Aliyekatisha masomo kwa ujauzito ana haki ya kurudi, kwa uamuzi wa serikali wa mwaka 2021, na shule imwambie hivyo waziwazi. Wanafunzi wenye ulemavu nao waulizwe wanataka nini badala ya kupangiwa. Wilaya yenye shule ya wasioona pale Irente inao watu wazima waliosoma bila kuona na wanafanya kazi, hao waalikwe madarasani.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu: kazi zenyewe hazipo, ushauri utasaidia nini? Ushauri hauzalishi ajira, na asiyekubali hilo anawadanganya vijana. Kiwanda cha chai cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013 kwa mgogoro na kukaa miaka kadhaa bila kusaga jani, hakuna mwalimu wa ushauri ambaye angeweza kukifungua. Hilo ni jukumu la serikali, ushirika na wawekezaji, na wananchi wana haki ya kulidai. Kwa sababu hiyohiyo neno "jiajiri" lisitumike kumwondoa kijana mlangoni. Anayeambiwa ajiajiri aonyeshwe mtaji unatoka wapi, leseni inakatwa wapi na mteja ni nani. Hata hivyo, palipo na nafasi chache, asiye na taarifa ndiye huumia kwanza: huuza shamba kulipia kozi isiyotambuliwa, au hukubali kazi bila masharti ya maandishi. Kila mhitimu wa kidato cha nne aondoke akijua kwamba sheria inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, inampa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na inamtaka mwajiri ampe maelezo ya ajira kwa maandishi na kumchangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Ujuzi huu unamlinda akiwa Lushoto, Tanga au Dar es Salaam.

Kwa hiyo, bodi za shule za Lushoto na Bumbuli ziweke jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho: nani atakuwa mwalimu wa ushauri wa kazi, wageni kumi wa mwaka huu ni akina nani, na wazazi watakutana lini kabla ya Selform kujazwa. Majibu ya maswali hayo matatu yanaingia katika ukurasa mmoja wa daftari. Mzazi asiyeyapata aulize shuleni, kwani kuuliza si ujinga, na mwanafunzi ambaye shule yake haijaanza achukue daftari, aende kwa mtu mmoja anayeiheshimu kazi yake, amsalimie na kumwomba dakika ishirini.